Kulinganisha naitrasi oksaidi ya kilimo kati ya Tanzania na Uholanzi bila kudanganywa na namba

Kila mada ya tabianchi ikiibuka hapa Arusha lazima atokee mtu aseme Wazungu ndo wanachafua sisi tunalipia, afu mwingine amjibu kwamba ng'ombe wetu ni zaidi ya mara nane ya ng'ombe wa Uholanzi kwahiyo tukae kimya. Cha ajabu wote wawili wanaweza kukutolea namba na zote zikawa za kweli. Shida ni kwamba zimepikwa kwenye vyungu tofauti, na anayesoma hajaambiwa.

Hapa naelekeza jinsi ya kulinganisha naitrasi oksaidi, yani N2O, inayotoka kwenye kilimo cha nchi mbili. Nimechukua Tanzania na Uholanzi kwa sababu Waholanzi huku kwetu sio wageni, ukipita Usa River kwenye maua au kwenye makampuni ya mbegu za mboga utawakuta, na pia kwa sababu kilimo chao na chetu hakifanani hata kidogo, kwahiyo mitego yote inaonekana vizuri. Ukishaweza hizi mbili, Kenya na Uganda utafanya umelala. Unachohitaji ni kompyuta yenye Excel au kitu kama hicho, bando la kudaunlodi mafaili mawili matatu, na subira.

Gesi yenyewe kwanza, kwa ufupi. N2O inatengenezwa na bakteria wa kwenye udongo wanapochakata naitrojeni, iwe ya mbolea ya dukani, ya samadi, ya mkojo wa ng'ombe au ya mabaki ya maharage yaliyoozea shambani. Udongo ukiwa na hewa wanaitoa kidogo, udongo ukilowa mpaka hewa ikapungua wanaitoa zaidi. Haina rangi na huwezi kuinusa, ile harufu inayokupiga usoni ukiingia bandani ni amonia, kitu kingine. Inakaa angani zaidi ya miaka 100, na kabla ya viwanda ilikuwa kama chembe 270 kwenye kila chembe bilioni moja za hewa, mwaka 2019 ikafika 332. Kilimo ndicho kinachangia sehemu kubwa kuliko shughuli nyingine zote za binadamu.

Anza na swali, namba baadaye

Watu wanakimbilia kudaunlodi. Usifanye hivyo. Andika kwanza swali lako kwa sentensi moja, kwa sababu "nani anatoa zaidi" lina majibu kama manne. Nani anatoa zaidi kwa jumla? Kwa kila mtu? Kwa kila hekta? Kwa kila lita ya maziwa? Majibu yatagongana, na hiyo ni kawaida, ila ukiwa hujachagua mapema utaishia kuchagua lile linalokufurahisha. Mi naona kwa ripoti ya kawaida chagua mawili, jumla ya nchi na kingine kimoja, inatosha.

Chanzo kimoja kwa nchi zote mbili

Hapa ndo wengi wanaangukia. Wanachukua namba ya Uholanzi kwenye ripoti ambayo Uholanzi inapeleka kila mwaka UNFCCC (ofisi ya mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa), afu ya Tanzania wanaitoa FAOSTAT, hifadhi ya takwimu ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), wanaziweka kwenye jedwali moja na kuchora grafu nzuri kabisa ambayo haina maana.

Ripoti ya Uholanzi imetumia vigezo (yani sehemu ya naitrojeni inayogeuka N2O) vyao wenyewe, walivyopima kwenye mashamba yao kwa miaka mingi. FAOSTAT inatumia njia ya msingi iliyo kwenye mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, vigezo vya jumla, fomula ileile kwa dunia nzima. Kila njia ina faida yake ila usizichanganye. Kwa kulinganisha nchi mbili anza na FAOSTAT kwa zote mbili, sio kwa sababu ndiyo sahihi zaidi, ila kwa sababu makosa yake yanafanana pande zote. Ukimaliza, chukua ripoti za nchi zenyewe uone zinatofautiana kiasi gani na FAOSTAT, tofauti hiyo nayo ni habari ya kuandika.

Ukiwa ndani ya FAOSTAT nenda sehemu ya tabianchi, kwenye jumla ya gesi za kilimo, chagua nchi zako, chagua N2O yenyewe kwa uzito wake, usichague ile iliyokwisha kugeuzwa kuwa CO2 (kabonidioksaidi). Kugeuza utafanya mwenyewe. Sababu ni kwamba kigeuzi kimebadilika mara kadhaa: ripoti ya IPCC ya 2007 ilisema kilo 1 ya N2O inaipasha dunia joto sawa na kilo 298 za CO2 kwa miaka 100, ya 2013 ikasema 265, ya 2021 ikasema 273. Kutoka 298 kwenda 265 ni kushuka asilimia 11. Kwahiyo mtu akichukua ripoti ya zamani ya Uholanzi yenye 298 na ya juzi ya Tanzania yenye 265, asilimia 11 imeshaingia kwenye jedwali bila mkulima hata mmoja kubadilisha chochote. Ripoti za sasa chini ya Mkataba wa Paris zinatumia 265, tumia hiyo kote na uiandike chini ya jedwali.

Chukua wastani wa miaka mitatu mpaka mitano. Mwaka mmoja unadanganya, mfano 2022 bei ya mbolea ilipaa dunia nzima baada ya vita vya Ukraine kuanza, afu kwetu msimu wa 2022/23 ikaja ruzuku. Ukishika mwaka mmoja kati ya hiyo utaandika hadithi ya bei, sio ya kilimo.

Angalia pia herufi ndogo pembeni ya kila namba. A maana yake takwimu rasmi ya nchi, E ni makadirio, I ni ya kujaziwa. Kwenye mbolea hasa usipite haraka. Kwa nchi kama yetu matumizi ya mbolea mara nyingi yanapatikana kwa kuchukua iliyoingia na iliyotengenezwa ndani ukatoa iliyotoka, na bandari ya Dar inapitisha mbolea ya Zambia, Malawi, Kongo na Rwanda. Na ile inayovuka kimyakimya Holili au Namanga haijazwi fomu na mtu.

Fanya heka moja kwa mkono

Kabla hujaamini namba ya nchi nzima, fanya heka moja. Tuchukue mahindi ya tambarare kule chini ya Moshi, mkulima kaweka mifuko miwili ya urea ya kukuzia. Mfuko una kilo 50 na urea ni asilimia 46 naitrojeni, kwahiyo kilo 23 kila mfuko, miwili kilo 46. Hapo kuna mtego wa watoto wa chuo: magazeti yanatangaza tani za mbolea, fomula inataka tani za naitrojeni. CAN ina asilimia kama 27, DAP 18, fosfeti ghafi ya Minjingu haina kabisa. Ukiingiza tani za mbolea yote kama naitrojeni umejizidishia zaidi ya mara mbili na hutajua.

Sasa mwongozo wa 2006 unasema asilimia 1 ya naitrojeni hiyo inaponyoka moja kwa moja kama N2O. 46 × 0.01 ni kilo 0.46, ila hiyo ni naitrojeni tu, bado haijawa gesi nzima, izidishe kwa 44/28 ndo upate N2O: kilo 0.72. Kwenye Excel ni =A2*0.01*44/28, buruta chini basi. Ile 44/28 inasahaulika sana, ukiona namba ya mtu iko chini ya yako kama theluthi moja hivi, muulize hiyo kwanza.

Kuna na N2O ya kuzunguka, isiyotoka shambani moja kwa moja. Sehemu ya urea inapaa kama amonia inaenda kuangukia kwingine (chukua 0.10 ya naitrojeni, afu 0.01 ya hiyo), na sehemu inaoshwa na mvua kwenda chini mpaka mtoni (0.30, afu 0.0075 ya hiyo). Kwa heka yetu inaongeza N2O kilo 0.23 hivi, jumla inakuwa karibu 0.96. Hiyo ya kuoshwa inahesabiwa pale tu ambapo mvua inazidi uwezo wa udongo kushika maji au kuna umwagiliaji. Kwa mteremko wa Kibosho wakati wa masika sawa, kwa Same au Longido sio sawa.

Zidisha ile 0.72 ya moja kwa moja (bila kukata desimali ni 0.723) kwa 265 unapata kilo 192 za CO2. Halafu jaribu hivi: mwongozo wa IPCC ulioboreshwa mwaka 2019 umetenganisha sehemu zenye mvua na sehemu kavu, mbolea ya dukani kwenye mvua ni 0.016 na kwenye ukavu ni 0.005. Heka ileile, mifuko ileile, mkulima yuleyule: kilo 307 ukisema ni sehemu ya mvua, kilo 96 ukisema ni kavu. Zaidi ya mara tatu. Na tambarare ya Moshi iko upande gani, jamani, hilo ni swali la kugombana siku nzima.

Ng'ombe, hapa tulia

Kwa Tanzania mbolea ya dukani ni ndogo. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kufika kilo 50 za virutubisho kwa hekta, na bado hatuko karibu na hapo. Mzigo wetu kwenye N2O ni mifugo, hasa mkojo na kinyesi kinachoachwa malishoni. Uholanzi ni kinyume, ng'ombe wanakaa sana ndani, samadi yao ni uji, inahifadhiwa chini ya sakafu ya banda afu inachomekwa ardhini kwa mashine.

Fanya hesabu ya ng'ombe mmoja wa malisho kwa mwongozo wa 2006. Kwa Afrika wanaweka uzito wa kilo 173 na naitrojeni inayotoka ni kama kilo 40 kwa mwaka. Kigezo cha malishoni kwa ng'ombe ni 0.02. Kwahiyo 40 × 0.02 × 44/28, unapata N2O kilo 1.26 kwa ng'ombe mmoja. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, tuseme milioni 30 kamili na wote wanalisha nje ili hesabu iwe nyepesi: tani 37,700 za N2O, ambazo kwa 265 ni karibu tani milioni 10 za CO2.

Sasa badilisha kigezo kimoja tu. Mwongozo wa 2019 uliishusha ile 0.02 mpaka 0.004. Umeona? Inagawanywa kwa tano. Tani milioni 10 zinakuwa milioni 2, bila kuuza hata ndama. Na ukisema nchi yetu ya wafugaji ni kavu, Longido, Monduli, Simanjiro, kigezo cha ukavu ni 0.002, inashuka nusu tena.

Kwa nini walishusha? Kwa sababu vilipatikana vipimo vingi zaidi. Kituo cha Mazingira cha ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pale Nairobi ni kati ya waliopima kinyesi na mkojo wa ng'ombe wa Afrika wakakuta iko chini sana ya ile 0.02. Inaeleweka, zebu, ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu, anayekula nyasi kavu za Septemba hana naitrojeni ya kumwaga ovyo, tofauti na ng'ombe wa Uholanzi anayekula majani mabichi na chakula cha kiwandani.

Lakini usishangilie mapema. Kuna kitu vigezo hivi havikioni: boma. Ng'ombe wanalala palepale kila usiku, samadi inalundikana miaka, afu familia inahama. Watafiti waliopima maboma ya wafugaji Kenya walikuta yanaendelea kutoa N2O miaka mingi baada ya kuhamwa. Ukienda Simanjiro unayaona hata kwa mbali, ile duara yenye nyasi za kijani kuliko kote. Mwongozo unahesabu malisho kana kwamba kinyesi kimetawanyika sawasawa porini, kwahiyo 0.002 peke yake kwa nchi ya Wamasai mi naiona ya kujipendelea.

Na ng'ombe wa kihambani, yani kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa, je? Mzee mmoja wa Kibosho aliniuliza swali zuri kuliko maswali mengi ya semina. Nimeamkia, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu," namweleza naorodhesha mifugo ya ndani na ya nje, akasema, "Sasa hawa wangu wawili hawajawahi kutoka hapo mlangoni, majani nawaletea, mavi naweka kwenye migomba, wewe unawaandika wapi?" Jibu ni kwamba hawaingii kwenye malisho kabisa. Samadi yao inahesabiwa mara mbili kwa njia halali: kwanza ikiwa kwenye lundo (0.005 kwa mwongozo wa 2006, 0.010 kwa wa 2019), afu ile naitrojeni iliyobaki ikipelekwa kwenye migomba na kahawa inahesabiwa kama mbolea ya shambani. Kama ana mtambo wa bayogesi, ile ya lundo inakaribia sifuri. FAOSTAT haimjui mzee, inagawa mifugo ya nchi kwa asilimia za kanda nzima ya Afrika. Kwa Kilimanjaro na Meru ambako ufugaji wa ndani ndo kawaida, asilimia hizo hazikai vizuri. Kwa Shinyanga zinakaa.

Upande wa Uholanzi nako kuna kichekesho chake. Sheria zao zilitaka samadi ichomekwe ardhini kuanzia miaka ya 1990 ili kupunguza amonia, na amonia ikapungua kweli. Ila naitrojeni iliyobaki ardhini kwenye unyevu ndo chakula cha wale bakteria, kwahiyo N2O ya samadi iliyochomekwa ni kubwa kuliko ya iliyomwagwa juu, na Waholanzi wenyewe wanatumia kigezo tofauti kwa hizo mbili. Njia ya msingi ya FAO haina tofauti hiyo.

Nini kimo, nini hakimo

Fungua orodha ya vipengele, usichukue jumla tu. Moto wa mbuga: FAO inauweka kwenye kilimo, kwetu upo, Uholanzi hamna kitu. Udongo wa mboji uliokaushwa kwa mifereji: Uholanzi wana maeneo makubwa magharibi ya nchi, ni malisho, na mwongozo wa 2006 unawapa kilo 8 za naitrojeni inayotoka kama N2O kwa hekta kila mwaka hata kama hawajaweka mbolea hata kijiko. Kwetu hicho kipengele ni kidogo kulinganisha na ukubwa wa nchi. Ukiviondoa viwili hivi au ukiviacha, fanya hivyo kwa nchi zote mbili na useme.

Viwanda vya mbolea havimo. Kutengeneza asidi ya naitriki ya mbolea kama CAN kunatoa N2O, lakini inaandikwa kwenye viwanda vya nchi kilipo kiwanda. Uholanzi ina viwanda hivyo, sisi CAN tunaagiza. Kwahiyo mfuko uliouziwa na mangi wa duka la pembejeo pale Moshi umeacha sehemu ya gesi yake kwenye hesabu ya nchi nyingine. Hailazimishi uiongeze, ila ukiulizwa ujue iko wapi. Maji taka nayo ni ya sekta ya taka, yaache.

Mpunga pia watu wanauuliza kwa sababu ya Lower Moshi. Shamba likijaa maji muda wote N2O ni kidogo, kigezo ni 0.003, gesi ya mpunga ni methani na hiyo ni mada yake.

Kugawanya

Kwa mtu, tumia watu milioni 61.7 wa sensa yetu ya 2022 dhidi ya Waholanzi karibu milioni 18. Kwa hekta kuwa makini zaidi. Uholanzi yote ina kama kilomita za mraba 41,500, haiko mbali na ukubwa wa mkoa wa Arusha, na hekta za kilimo ni kama milioni 1.8, karibu zote zinatumika kwa nguvu. Ukiigawa N2O ya Tanzania kwa ardhi yote ya kilimo pamoja na malisho ya porini utapata namba ndogo sana ya kupendeza, ukiigawa kwa mashamba ya mazao pekee itapanda sana, na mifugo haiko hata kwenye hayo mashamba. Mi hupenda kuandika zote mbili pembeni kwa pembeni. Na hekta sio heka, heka yetu ni 0.4 tu ya hekta, nimeona jedwali lililosafiri mpaka wizarani na kosa hilo.

Kwa lita ya maziwa sisi tunaumia. Ng'ombe wa Uholanzi anatoa zaidi ya lita 8,000 kwa mwaka, zebu anakupa lita moja mbili kwa siku na bado ndama ananyonya. Lakini zebu anawekwa pia kwa nyama, kulima, mahari, na kuwa benki ya shule ya watoto, kwahiyo kumbebesha maziwa gesi yote ni uonevu. Ukitumia kipimo hiki kitumie kwa ng'ombe wa maziwa wa pande zote mbili, wale wa Hai na Arumeru dhidi ya wale wa Friesland, usiweke wa Simanjiro.

Kuandika jibu

Usiandike namba moja. Mwongozo wa 2006 wenyewe unasema ile asilimia 1 inaweza kuwa kati ya 0.3 na 3, na ile 0.02 ya malishoni kati ya 0.007 na 0.06. Kwahiyo kama tofauti ya nchi zako mbili ni asilimia 20 au 30, huna tofauti, una makadirio mawili yanayopishana. Kama ni mara tano, piga hesabu tena kwa vigezo vya 2019 uone kama mara tano hiyo bado ipo au ilikuwa ni ya kigezo cha ng'ombe tu.

Sentensi yako iwe na umbo hili, jaza namba zako: "Kwa wastani wa miaka fulani hadi fulani, kwa njia ya msingi ya IPCC 2006 na kigeuzi 265, kilimo cha Tanzania kilitoa N2O tani kadhaa na cha Uholanzi tani kadhaa, moto wa mbuga na udongo wa mboji vikiwa ndani. Kwa vigezo vya 2019 namba ya Tanzania inakuwa kadhaa." Ni ndefu, haipendezi kwenye bango, na bosi atakuambia ukate. Kata maneno mengine ukitaka, mwaka wa mwongozo na kigeuzi usikubali vitoke.